Kusafisha bila Kujua: Nafasi ya Ramani katika Roboti za Majaribio na Roboti za Usafi wa Nyumbani

Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya roboti tembezi za majaribio, zilizoundwa katika maabara za utafiti tangu katikati ya karne ya 20, na roboti za kufyonza vumbi zinazouzwa madukani leo. Roboti tembezi, kwa maana inayotumika hapa, ni mashine inayojiendesha kutoka mahali hadi mahali kwa kutegemea vihisi vyake yenyewe, tofauti na mkono wa kiwandani uliofungwa sakafuni.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba maabara ilibuni akili, kisha kiwanda kikaipunguza bei na kuipeleka nyumbani. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Roboti ya usafi iliyopata soko kubwa kwanza haikuchukua ujuzi wa maabara wa kuutambua ulimwengu. Ilichukua hoja ya watafiti wachache waliodai kwamba kwa kazi kama hiyo ujuzi huo hauhitajiki. Ramani ilirejea baadaye, kwa sababu nyingine, na ikaja na gharama isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Swali linalochunguzwa ni je, ramani ya nyumba huongeza usafi kwa kiasi gani, na ni nani anayeilipia?

Roboti zilizofikiri kabla ya kutembea

Kati ya mwaka 1966 na 1972, watafiti wa Stanford Research Institute huko California waliunda roboti waliyoiita Shakey kwa sababu ya kutikisika kwake ilipotembea. Ilikuwa na kamera ya televisheni, kipima umbali na nyaya nyembamba mithili ya sharubu za paka za kuhisi inapogusa kitu, huku hesabu zake zikifanywa na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali nayo na kuwasiliana nayo kwa redio. Ilipopewa lengo, kwa mfano kusukuma sanduku fulani, ilishauriana kwanza na kielelezo cha vyumba vyake, ikapanga hatua zote, ndipo ikaondoka. Mradi huo uliacha urithi mkubwa. Algoriti ya kutafuta njia fupi iliyochapishwa na Hart, Nilsson na Raphael mwaka 1968 hutumika hadi leo.

Hata hivyo, Shakey iliishi katika vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili yake, vyenye kuta wazi na masanduku yaliyopakwa rangi ili kamera iyatambue bila shida. Ugumu wa kutoka nje ya mazingira hayo ulionekana katika kigari cha Chuo Kikuu cha Stanford ambacho Hans Moravec alikifanyia kazi. Mwaka 1979 kigari hicho kilivuka chumba cha mita 20 kilichojaa viti bila kusaidiwa na mtu. Kilichukua takribani saa 5. Kila baada ya mita moja kilisimama dakika 10 hadi 15 kikipiga picha na kukokotoa mahali vitu vilipo, na kama mtu angehamisha kiti wakati huo, hesabu yote ingekuwa imepitwa.

Hoja ya Brooks

Rodney Brooks, aliyekuwa Stanford katika miaka hiyo na baadaye MIT, alitoa mwaka 1986 pendekezo lililogeuza mpangilio huo. Badala ya kuhisi, kisha kuunda kielelezo, kisha kupanga, kisha kutenda, roboti ijengwe kwa tabaka za mienendo rahisi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Tabaka la chini kabisa hukwepa kugonga. La juu yake huzurura, na la juu zaidi hufuata kitu. Tabaka moja huweza kulizima jingine, lakini hakuna mahali popote ndani ya mashine panapohifadhi picha nzima ya chumba. Roboti yake ya miguu sita, Genghis, ilipanda juu ya vikwazo bila kuwa na kielelezo cha kikwazo.

Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa. Mwaka 1948 na 1949 huko Bristol, Grey Walter alikuwa tayari ameunda "kobe" wawili wa umeme, Elmer na Elsie, walioongozwa na saketi chache tu, ambao betri ilipopungua walifuata mwanga hadi kwenye banda la kuchajia. Anayeitazama roboti ya leo ikirudi kwenye kituo chake anatazama tabia iliyotimiza zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1990 Brooks, Colin Angle na Helen Greiner walianzisha kampuni ya iRobot, na mwezi Septemba 2002 Roomba iliingia sokoni kwa takribani dola 200. Electrolux ya Sweden ilikuwa imetangulia kwa Trilobite, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001 na kuhisi vitu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, lakini bei yake ilizidi ile ya Roomba mara kadhaa. Dyson ya Uingereza nayo ilitangaza roboti yenye vihisi vingi, DC06, ambayo haikuuzwa kamwe. Roomba ya kwanza ilikuwa na bampa na vihisi vya infraredi vya kutambua ukingo wa ngazi. Ilizunguka kama konokono, ikafuata ukuta, ikagonga, ikageuka upande wowote, ikaendelea.

Je, kuzurura kunasafisha?

Wengi waliiona ikirandaranda na kuihukumu kuwa mjinga. Hukumu hiyo inastahili kupimwa kwa hesabu, kwani hapa ndipo kiini cha mjadala kilipo.

Tuchukue chumba kitupu cha mita 4 kwa 5, yaani mita 20 za mraba, na roboti inayosafisha ukanda wa upana wa sentimita 20 kwa mwendo wa sentimita 25 kwa sekunde. Kila sekunde hupita juu ya mita 0.05 za mraba. Kama ingekuwa na ramani na kufuata mistari iliyonyooka bila kurudia, ingemaliza kwa sekunde 400, chini ya dakika 7. Isiyo na ramani hurudia ilikokwisha kupita. Tukichukulia kwamba mapito yake yanatawanyika sawasawa chumbani, sehemu isiyoguswa hupungua kwa uwiano uleule kila baada ya sekunde 400. Mwanzoni hubaki asilimia 37, kisha 14, kisha 5. Ikitimia nusu saa, sakafu isiyoguswa ni takribani asilimia 1 tu.

Chumba halisi si kitupu, bila shaka. Kina miguu ya viti, nyaya na pindo za zulia. Na katika nyumba zetu za pwani kuna mkeka ambao ncha yake hunyanyuka kwa upepo wa feni. Pembe na uvungu wa meza hupata mapito machache kuliko katikati, ndiyo sababu mwenendo wa kufuata ukuta uliongezwa. Lakini hitimisho la msingi halibadiliki. Katika chumba kimoja, ramani huokoa muda na chaji; usafi inaoongeza ni mdogo. Aliyekuwa kazini mchana kutwa hana haja ya kujua kama mashine ilitumia dakika 7 au 30.

Kwa nini basi ramani ilirudi

Ilirudi kwa sababu ya mlango. Mlango wa sentimita 80 ni chini ya sehemu 1 kati ya 20 ya mzingo wa chumba tulichokichukua. Roboti inayozurura huweza kukaa muda mrefu bila kuupata, na ikishatoka huweza kushindwa kurudi kwenye chaji. Katika nyumba ya vyumba vingi, dhana ya mtawanyiko sawa huvunjika. Aidha, betri ikiisha katikati ya kazi, mashine isiyo na kumbukumbu haiwezi kuendelea ilipoishia.

Ugumu ulikuwa kwamba kuchora ramani kunahitaji kujua ulipo, na kujua ulipo kunahitaji ramani. Magurudumu peke yake hayatoshi. Yakiteleza zuliani na mwelekeo ukakosewa kwa digrii 1 tu, baada ya mita 10 roboti iko sentimita 17 nje ya njia, na makosa hujilimbikiza. Suluhisho la maabara, lililoendelezwa tangu miaka ya 1980, ni kuyakadiria yote mawili kwa pamoja kwa nadharia ya uwezekano, kama nahodha anayechora mwambao huku akisahihisha mahali pa chombo chake kila anapoiona tena alama aliyoipita.

Nadharia ilikuwepo, kilichokosekana kilikuwa kihisi cha bei nafuu. Mwaka 2008 Konolige na wenzake walieleza kipima umbali cha leza ambacho gharama ya kukiunda walikadiria kuwa dola 30, wakati vile vya maabara viligharimu maelfu. Doa la leza likiangukia kitu cha karibu au cha mbali, taswira yake huhama kwenye kipokea mwanga, na kiasi cha kuhama hutoa umbali. Mwaka 2010 Neato XV-11 ilikizungusha kihisi cha aina hiyo juu ya roboti ya nyumbani. Dyson 360 Eye ya mwaka 2014 na Roomba 980 ya mwaka 2015 zilitumia kamera.

Macho ndani ya nyumba

Leza inayozunguka huona kwa kimo kimoja tu. Waya, soksi na kinyesi cha mbwa viko chini ya mstari wake. Anayefahamu kilichotokea katika nyumba ambazo roboti ilipita juu ya kinyesi na kukisambaza sakafuni kote ataelewa kwa nini Roomba j7 ya mwaka 2021 ilitangazwa kwa ahadi ya kukikwepa. Ahadi hiyo ilihitaji kamera ya mbele na algoriti iliyofunzwa kwa picha nyingi za sakafu za watu.

Mwezi Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza kwamba picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za aina hiyo, zikiwemo za mwanamke akiwa chooni, zilivuja katika makundi ya mitandaoni kutoka kwa wafanyakazi wa Venezuela walioajiriwa kuainisha picha. iRobot ilisema kwamba roboti hizo hazikuwa za kuuzwa na kwamba waliokuwa nazo walikubali kwa maandishi. Tukubali maelezo hayo yote mawili; swali la kiutafiti linabaki palepale. Roboti ya 2002 isingeweza kuvujisha chumba, kwa kuwa haikuwa nacho. Tayari mwaka 2017, mahojiano ya Angle na Reuters kuhusu uwezekano wa kushirikisha kampuni nyingine ramani za nyumba yalikuwa yamezua malalamiko, na kampuni ikaeleza kwamba haiuzi data za wateja.

Mwandishi anaona kwamba tathmini za roboti za usafi zinazoishia kwenye asilimia ya vumbi lililofyonzwa na dakika zilizotumika hazitoshi. Kila kihisi kinachoongezwa kipimwe kwa mizani mbili: ni uchafu au ajali gani kinaiondoa ambayo kihisi duni kuliko hicho kisingeiondoa, na ni nini kinachoweza kutoka nyumbani kupitia kwake. Kwa kipimo hicho, mstari wa leza unaotupwa sakafuni mbele ya roboti una faida ambayo haijatiliwa maanani ipasavyo. Kupinda kwake juu ya kitu hueleza kimo na umbo la kitu hicho, lakini hakuchukui sura ya mtu. Hautatofautisha kinyesi na soksi, ila kwa roboti inayotakiwa tu kupita kando, tofauti hiyo haina kazi. Picha, pale zinapohitajika, zaweza kuchakatwa ndani ya mashine yenyewe na kufutwa, jambo ambalo kompyuta ya Shakey, iliyojaza chumba chake peke yake, isingeliwezesha. Nazo roboti nyingi za leza na kamera bado zina bampa mbele, iliyo ndugu wa zile sharubu za Shakey, kwa ajili ya mguu wa kiti ambao hakuna kihisi kingine kilichouona.