Baada ya Shahada: Anachokitazama Mwajiri

Mtu atokaye katikati ya Morogoro, mji kasoro bahari, akaishika njia iendayo Matombo, hupita Bigwa, miguuni pa Milima ya Uluguru, ambako kimo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo vya namna hiyo vilivyoanza kuenezwa nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Upande wa pili wa mji kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoasisiwa mwaka 1984. Msamvu kuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Na Chuo Kikuu Mzumbe si mbali. Basi kila mwaka, majoho yakishavuliwa na picha zikishapigwa, vijana huonekana mitaani wakiwa na bahasha za kaki kwapani, kila mmoja akijiuliza ni nini hasa akitafutacho mwajiri.

Jawabu la kwanza limo katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mwombaji asizidi umri wa miaka 45, awe na vyeti vya masomo, cheti cha kuzaliwa, na wasifu wenye majina ya wadhamini watatu, hati ya matokeo haipokelewi mahali pa cheti chenyewe. Wako wayaonao masharti hayo kuwa ni adha tupu. Mimi siwalaumu walioyaweka, kwani mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lakini karatasi humfikisha mtu mlangoni tu. Kwenye usaili kila aliyeitwa anayo shahada, kwa hiyo shahada haimpambanui mtu na mwenzake, na hapo ndipo mwajiri huanza kutafuta kitu kingine ambacho aghalabu hakiandiki katika tangazo lake.

Kitu hicho huonekana wazi zaidi katika karakana ya useremala kuliko ofisini. Fundi hamwulizi kijana alipata alama ngapi. Humpa ubao wa mninga, futi na randa, kisha akaenda zake kunywa chai. Akirejea hautazami ubao peke yake, bali hutazama kama kijana alipima kabla ya kukata, kama randa imelazwa ubavu ili makali yasiharibike, kama maranda yamefagiwa, na kama kipande kilichokatwa kombo kimefichwa nyuma ya mlango au kimewekwa wazi juu ya meza pamoja na maneno, “Hiki nimekiharibu, mzee.” Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ufundi uliopungua hufundishika, ila amana ikipungua hakuna karakana wala wizara iwezayo kuifundisha. Na mwenye duka amtafutaye mhasibu, au mwenye shamba amtafutaye bwana shamba, hatofautiani kwa hili na seremala hata kidogo.

Ndiyo maana nasikitika nionapo wanafunzi wakiyafanya mafunzo kwa vitendo, ambayo wao huyaita fildi, kuwa safari ya kutafuta mhuri na saini, ilhali ni usaili wa majuma mazima ambao msailiwa hajui kuwa anasailiwa. Mwaka 2014, waajiri wa nchi zetu walipoulizwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, walilalamika kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu hawakuwa tayari kwa kazi.

Malalamiko hayo yana ukweli, lakini hayana insafu kamili. Mwajiri yuleyule alalamikaye ndiye aandikaye “uzoefu usiopungua miaka mitatu” kwa nafasi ya kijana aliyemaliza mwezi uliopita, kana kwamba uzoefu huuzwa sokoni pale Chifu Kingalu pamoja na ndizi zishukazo milimani. Tena hofu yake ya kukwama na asiyefaa imekwisha kupatiwa dawa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi aliyetumika chini ya miezi sita ile kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, maana yake muda wa kumjaribu mtu upo. Enyi wenye ofisi, maduka na karakana, ufuteni mstari ule wa miaka mitatu, mkampe kijana ubao.