KUVU YA MIZIZI, RAFIKI WA MKUNAZI



Bila shaka umeona mkunazi ukisimama mbichi mahali pakavu, hali mahindi yamekwisha nyauka. Mbuzi hula majani yake, na watoto hula matunda yake. Lakini miche tuipandayo mara nyingi hudumaa. Sababu moja ni hii.

Mkunazi haufanyi kazi peke yake. Mizizini mwake hukaa kuvu yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hupenya udongo, hufika pasipofikiwa na mizizi, na kuleta fosforasi, chakula ambacho hakisogei upesi ardhini, hasa wakati wa ukavu. Mti nao huilipa kuvu sukari itokayo majanini. Ni kama majirani walimianao mashamba kwa zamu. Mtaalamu wa Ujerumani, A. B. Frank, aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina lake mwaka 1885. Hata katika jangwa la Thar, nchini India, vichaka vya jamaa ya mkunazi vina kuvu ya namna hii.

Mimi mwenyewe nilikosea zamani. Nilijaza makopo udongo wa chini ya shimo refu, nikiudhani kuwa safi. Miche ikabaki midogo, nayo ilipohamishwa ikafa mingi. Mzee mmoja akaniuliza, “Mwanangu, mbona hukuchukua udongo wa kwa mama yao?” Nikaona haya, maana alisema kweli: kuvu hii haiishi bila mizizi hai, na chini sana ni haba.

Basi, fanya hivi:

Kwanza, chimbua udongo wa juu, pamoja na vijizizi, chini ya mkunazi mzima usio na ugonjwa. Tia konzi moja katika kila kopo, karibu na mbegu.

Pili, usiukaange udongo huo motoni, wala usiuanike juani, kuvu isije ikadhurika.

Tatu, usizidishe mbolea ya fosforasi. Mche ulioshiba hauitafuti kuvu.

Nne, ufyekapo shamba, acha vichaka vichache. Hivyo ndivyo ghala ya kuvu.

Tena kumbuka, kuvu si mvua. Mwagilia miche yako mpaka ishike. Lakini ukikata kichaka cha mwisho, umemfukuza na mfanyakazi usiyemwona.