Tufungue Kabati la Vishikwambi

Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi vya darasa la kwanza mwaka wa 2016, sisi walimu wa Kilifi tulishangilia. Katika shule ninayofundisha vimo kabatini. Mwalimu mkuu ahofia wezi, kwani kikipotea kimoja yeye ndiye atakayehojiwa. Haya yatendeka si mbali na Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mnamo Desemba 12, 1970!

Masomo yalitiwa ndani ya vifaa hivyo tangu mwanzo, hivyo ukosefu wa mtandao si kisingizio. Watoto wanne waweza kutumia kimoja, mwalimu akipita huku akiwauliza maswali. Betri isiyochajiwa kwa miaka hufa yenyewe, bila mwizi. Ufunguo na wakabidhiwe walimu wa darasa muhula huu.