Mwani Unaojimwaga Alfajiri

Refugiamu, yaani tangi la kimbilio, ni chumba cha pili kinachounganishwa kwa mabomba na tangi la nyumbani la maji ya chumvi lenye matumbawe, na kwa kawaida hufichwa ndani ya kabati lililo chini ya tangi hilo, ambako maji hushuka yenyewe, hupita polepole juu ya mchanga, vipande vya mawe na fundo la mwani, kisha hurudishwa juu kwa pampu. Humo kopepoda na amfipoda, ambao ni jamaa wadogo mno wa kamba, huzaana bila kudonolewa na samaki, na mwani nao hunyonya naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vinavyobaki baada ya kinyesi na mabaki ya chakula kuoza, ambavyo vikizidi hustawisha ukoga unaoyasonga matumbawe.

Aliyeitetea fikra hii kwa ukaidi wa kupendeza ni Walter Adey, mtaalamu wa mwani wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, ambaye mwaka 1980 aliuweka hadharani mwamba mdogo wa matumbawe hai katika makumbusho ya taasisi hiyo mjini Washington, na mwaka 1991, akishirikiana na Karen Loveland, akachapisha kitabu Dynamic Aquaria. Hoja yake ni kwamba wafugaji wa samaki wa mapambo walizoea kuwaachia bakteria kazi ya usafi, na bakteria hao kweli huigeuza amonia yenye sumu kuwa naitreti, lakini naitreti hiyo huendelea kulimbikizana majini, ilhali kwenye mwamba wa baharini mwani huimeza na kuifanya sehemu ya mwili wake. Kwa hiyo alibuni trei isiyo na kina, yenye wavu wa plastiki na ndoo inayojaa na kupinduka ili kuiga wimbi, akauacha mwani mfupi umee juu ya wavu, kisha ukwanguliwe mara kwa mara, kwa kuwa kila kinachokwanguliwa ni uchafu uliokwisha kutoka majini. Taa za trei hizo aliziwasha usiku, wakati tangi kuu liko gizani, kwa sababu viumbe wote wa tangi hupumua usiku bila usanisinuru kuendelea, kaboni dioksaidi ikaongezeka na maji yakaelekea kuwa na asidi zaidi, na mwani ulio chini ya mwanga wakati huo huivuta hewa hiyo na kurudisha oksijeni.

Wafugaji wengi waliichukua taa ya usiku wakaiacha trei, na mahali pake wakaweka kaulepa, mwani mzuri wa kijani unaomea pia katika maji mafupi ya pwani ya Afrika Mashariki, wenye shina linalotambaa mchangani na vijani vinavyosimama juu yake, vingine vikiwa vichane vyembamba na vingine vijipira vilivyoshikana. Ajabu ya kaulepa ni kwamba mmea mzima, hata ukitambaa zaidi ya mita moja, ni seli moja tu yenye viini vingi, isiyo na kuta za kuigawa, hivi kwamba kinachotokea mahali pamoja kinaweza kuenea mwili mzima. Wakati wa kuzaa ukifika, hautengi tawi wala kifuko kwa kazi hiyo, bali huugeuza karibu utomvu wake wote kuwa chembe za uzazi: usiku uliotangulia rangi huanza kujikusanya na kuacha mabaka yaliyopauka, vijibomba vidogo huchomoza juu ya vijani, na kunapopambazuka chembe hizo humwagwa nje kama wingu la kijani, mmea ukabaki ganda jeupe linaloporomoka. Kenneth Clifton, katika utafiti alioufanya Panama na kuuchapisha mwaka 1997, alionyesha kwamba mwani wa kijani wa miambani humwaga hivyo kwa pamoja alfajiri, kila spishi kwa saa yake. Baharini wingu hilo huchukuliwa na maji. Ndani ya tangi la lita 300 virutubisho vilivyowekwa akiba kwa miezi kadhaa hurudi asubuhi moja, maji yakachafuka, oksijeni ikapungua na samaki wakapanda juu kuhema.

Wafugaji wengi hushikilia kwamba taa ikiachwa ikiwaka saa 24 kaulepa haimwagi, na kwa imani hiyo mmea huo hunyimwa usiku maisha yake yote. Je, ni giza linaloiamsha, ni njaa ya virutubisho, au ni umri? Huko California mjadala ulikatizwa na sheria, kwani baada ya Caulerpa taxifolia, spishi vamizi ya kaulepa, kugunduliwa katika wangwa mmoja wa jimbo hilo mwaka 2000, mwaka uliofuata spishi tisa za kaulepa zilipigwa marufuku.

Mahali pa kaulepa palichukuliwa na ketomofa, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana kama mshipi wa kuvulia, ambao kila uzi wake ni mstari wa seli zenye kuta, na ndiyo maana si rahisi fundo zima kumwagika kwa mkupuo. Hulelewa kwa taa yenye wekundu mwingi na kupunguzwa linapojaa, na hapa mfugaji hutofautiana na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huko Zanzibar, kwa kuwa wao huvuna ili wauze naye huvuna ili atupe. Mavuno hayo hayaondoi kila kitu kwa kiwango kimoja: Atkinson na Smith walionyesha mwaka 1983 kwamba mimea ya sakafu ya bahari ina takriban atomu 30 za naitrojeni kwa kila atomu moja ya fosforasi, kwa hiyo naitreti inaweza kwisha fosfeti ikiwa bado ipo, na mwani ukadumaa.

Kuhusu kopepoda, Adey alikuwa na mashaka na pampu za mapanga, ambazo aliona kuwa huwaumiza viumbe wadogo wanaopita ndani yake. Mashaka hayo yakikubaliwa, tangi la kimbilio lingefaa kuwekwa juu ya tangi kuu, ili wanaozaliwa humo washuke na maji bila kukutana na panga lolote. Ila wafugaji walio wengi bado hulisukumia kabatini, na ni wangapi kati ya viumbe hao wanaofika juu wakiwa hai ni hesabu ambayo wachache miongoni mwao hujisumbua kuifanya.