Ng'ombe Apitaye Mlango kwa Mlango

Kumsaidia maskini ni wajibu wetu. Lakini yatupasa kujiuliza: msaada wetu utakapokwisha, yeye atabaki na nini?

Hayo ndiyo aliyoyawaza Dan West, mkulima wa Marekani. Wakati wa vita vya Hispania (1936-1939) aliwagawia maziwa watoto wenye njaa. Maziwa hayakuwatosha wote, na kesho yake njaa ilirudi pale pale. Akaona heri kumpa mtu ng'ombe mwenyewe. Mwaka 1944 mitamba 17 walipakiwa melini kwenda Puerto Rico. Kila jamaa iliyopewa mtamba ilifungwa na ahadi moja: ndama jike wa kwanza apewe jamaa nyingine yenye shida.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, wafuata njia hiyo hiyo. Apewaye ng'ombe hana budi kujenga zizi na kupanda majani. Watoto hunywa maziwa, samadi hurutubisha shamba, na maziwa yanayosalia huuzwa.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote ni hii: aliyenyoosha mkono jana apokee, leo aunyoosha atoe. Hapo heshima yake humrudia.