Mizuka Katika Nyumba ya Dobi

Aghalabu msomaji akutanapo na mzuka katika hadithi ya watu waliohajiri makwao, hudhani kwamba mwandishi amemtia kwa ajili ya pambo tu, apate kuwafurahisha wapendao maajabu ya nchi za mbali. Nami naona dhana hiyo, ijapokuwa imeenea, hutupotezea lililo bora katika sanaa ambayo wahakiki wa leo huiita uhalisiajabu.

Chukua The Woman Warrior, kitabu cha Maxine Hong Kingston kilichotoka mwaka 1976. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1940 huko Stockton, California, na wazazi wake, Wachina, walikuwa madobi. Mama anayesimuliwa humo, ambaye kwao China alihitimu utabibu na ukunga, alipokuwa angali mwanafunzi alilala usiku mmoja katika chumba cha bweni kilichoogopwa na wenziwe, likamjia zimwi likamkalia kifuani, naye akalitukana na kulisomea masomo yake; na mama huyo huyo, alipofika Marekani, akawaita wazungu wote mizuka, kuanzia muuza magazeti hata mzoa taka na dereva wa basi. Visa vyote viwili vyasimuliwa kwa sauti moja, pasipo mshangao, na humo ndimo ulimo ufundi: mhamiaji ndiye mtu, mwenyeji ndiye kiumbe asiyejulikana atokako. Wala si mzaha mtupu, kwani sheria ya 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani haikufutwa hata mwaka 1943, na watu waliozoea kuwaficha maofisa majina yao ya kweli hawakuwa na haja ya kubuni vitisho.

Frank Chin, mwandishi mwenziwe wa asili hiyo hiyo, alimshutumu kwa ukali kwamba ameziharibu ngano za wahenga. Ni kweli kwamba maneno yaliyochanjwa mgongoni, ambayo Kingston amempa Fa Mu Lan, yule binti aliyekwenda vitani badala ya babaye, katika mapokeo ya Kichina ni ya jemadari Yue Fei. Lakini ngano isimuliwayo na mama aliyechoka, kwa mtoto asiyepata kuiona China, haifiki kama ilivyoondoka, na Kingston ameandika hiyo iliyofika. Lenye uzito zaidi kwangu ni kwamba kitabu kiliuzwa kama kumbukumbu za maisha, hata kikapata tuzo ya National Book Critics Circle katika fungu la vitabu visivyo vya kubuni, na zimwi la bwenini likiwamo.