Ukianguka Mtoni, Usisimame

"Hapo maji yana kina gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila kundi linalofika Sagana kushuka mto Tana kwa boti ya mpira. Watu bado wanakaza mikanda ya jaketi, macho yameganda mtoni, na wanachotaka kusikia ni kwamba kina ni kifupi. Ukiwaambia mahali pengi maji hayampiti mtu kiunoni, nyuso zinakunjuka. Ukiwaambia kuna mahali hutagusa chini, wanaanza kutazamana.

Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu kwa ukali, kwa sababu limebeba imani inayoua: kwamba maji ya kina kifupi ni salama, na kwamba ukiangushwa, dawa ni kusimama.

Kifo cha namna hii hutokea hivi. Mtu ametupwa nje ya boti. Maji yanamfika mapajani, mawe anayaona, na anajua kabisa kwamba akinyoosha miguu atakanyaga chini. Anakanyaga. Lakini chini hapo si mchanga wa ufukweni. Ni mawe yaliyolundikana, yenye mianya kila upande. Mguu unaingia kati ya mawe mawili, na kabla hajautoa, mkondo unampiga mgongoni. Kifundo kimebanwa, mwili unaendelea kwenda. Goti linakunjika, kifua kinalala mbele, uso unaingia majini, na maji yanampita juu bila kukatika. Mguu ungetoka kwa kurudi ulikoingilia, na huko ndiko maji yanakotoka. Basi mtu mzima anazama mahali ambapo angeweza kusimama na kupiga picha kama mto ungekuwa umetulia.

Hapo huwa najibiwa, "Lakini mimi nina nguvu." Haya, tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na msukumo wake hauendi sambamba na kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Mtu aliyesimama kwenye maji ya kifuani yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, anasukumwa na nguvu ya takriban kilo 50. Anaweza kuyumba akajizuia. Maji hayohayo yakienda mara mbili ya mwendo huo, nguvu inafika takriban kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi na ziada, yamekuegemea mgongoni wala hayachoki. Hakuna mazoezi ya jimu yanayoshindana na mzigo huo kwa dakika tatu bila pumzi.

Wengine hutegemea jaketi. Jaketi zuri la boti linakuinua kwa nguvu ya kilo saba hadi kumi. Zinatosha kukuelesha, kwa kuwa mwili wa mtu ukiwa majini ni mwepesi. Hazitoshi hata kidogo kukunasua mguu uliokabwa na mawe. Jaketi limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeelea. Ukisimama, umelinyima kazi yake.

Na wapo wanaojivunia kuogelea. Kwa kweli hao ndio ninaowaangalia kwa jicho la karibu zaidi. Aliyejifunzia bwawani amezoea kwamba akichoka anashusha miguu na kusimama, na mazoea hayo anayabeba hadi mtoni. Asiyejua kuogelea lakini akasikiliza maelekezo ana nafuu kuliko bingwa wa bwawani anayeamini miguu yake. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na mtoni kutapatapa kwenyewe huanza na kutafuta mahali pa kukanyaga.

Kuna na ile tiba ya vijiweni, ya kujifunga kamba kwenye boti ili usipotee. Isikilize kwa makini uone ilivyo. Boti ikipinduka, kamba inakuzuia chini yake. Boti ikikwama kwenye jiwe, unabaki umefungwa katikati ya mkondo, maji yakikupita juu, hali iliyo sawa na ya mguu ulionaswa. Kamba iliyozungushwa ukingoni mwa boti ni ya kushika kwa mkono, ili uweze kuiachia. Na anayetaka kikombe cha pombe cha kutia moyo kabla ya safari, abaki ukingoni.

Swali la haki ni hili: nikianguka hapa, maji yananipeleka wapi? Poromoko linaloishia kwenye dimbwi pana lililotulia linasamehe. Poromoko linalokutupa moja kwa moja kwenye jingine, au kwenye mti ulioanguka, halisamehe, hata kama maji yake ni ya magotini. Ndiyo maana Naili kule Jinja, mto mkubwa unaowatisha watu kwa wingi wa maji na kina chake, mara nyingi humhurumia anayeanguka: mawimbi ni makubwa, mawe yako mbali chini, na baada ya poromoko hufuata maji mapana yaliyotulia. Tana ya Sagana ni nyembamba na ina mawe mengi, kwa hiyo inadai nidhamu ya miguu zaidi. Anayechagua mto kwa kuuliza kina atauogopa ule unaosamehe na kuudharau ule unaonasa.

Sasa la kufanya. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu uvione juu ya maji, magoti yakunjwe kidogo, makalio uyainue. Vuta pumzi ukiwa kwenye bonde kati ya mawimbi, si kileleni penye povu. Tumia mikono kujisogeza ukingoni. Usikae kati ya boti na jiwe lililo mbele yake. Ukirushiwa kamba, ishike kifuani, usijiviringishie mkononi. Ukiona mti umelala majini mbele yako, hapo tu geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu kuuelekea na kuupanda. Usiache maji yakuingize chini yake. Simama tu ukiwa kwenye maji yaliyotulia, yasiyofika magotini.

Kuhusu maandalizi: maporomoko hupangwa kwa madaraja, I hadi VI, mgeni aanze na II au III, na VI si mahali pa matembezi. Tana hujaa misimu ya mvua, Aprili na Mei, kisha Novemba, kwa hiyo piga simu uulize hali ya maji ya wiki hiyo. Kule Jinja, mabwawa ya umeme ya Bujagali lililoanza kazi 2012 na Isimba la 2019 yamefunika maporomoko kadhaa ya zamani. Usipange safari kwa picha za miaka ile. Naili na Ziwa Viktoria vina kichocho: kapime baada ya wiki sita hadi nane, usimeze dawa siku ileile, kwani haiui minyoo michanga. Acha jinzi, vaa nguo nyepesi zisizoshika maji na viatu vinavyofungwa, si ndala. Kofia ngumu ikubane, jaketi likivutwa mabegani lisipande hadi masikioni. Kafi lishike kwenye kishikio cha juu wakati wote, maana kikiachiwa ndicho kinachovunja meno ya jirani. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo au bega linaloteguka, aseme mapema.

Kipimo cha mwisho ni kile wenyeji wako wanachofanya kabla ya poromoko la kwanza. Wakupeleke kwenye maji yaliyotulia, wakutoe botini, wakulaze chali miguu juu, wakurushie kamba, wakupandishe tena kwa kukuvuta mabega ya jaketi, na warudie hadi kila mmoja awe ameweza. Wakiruka zoezi hilo kwa kusema "usiwe na wasiwasi, hapa maji ni machache," shuka, dai pesa zako, urudi nyumbani.